"NIUNGANISHE BRO": MANENO MAWILI YANAYOTUUA WAANDISHI WA FILAMU CHUGA

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani, huo mtaupata Ijumaa kama kawaida. Leo nina hasira. Nimekaa nayo siku tatu, nikaona bora niiandike kabla haijanipa vidonda vya tumbo.

Ishu yenyewe ni hii. Kuna staa mmoja wa filamu za Kibongo (jina kapuni, na sio kwamba namwogopa, ni kwamba sina hela ya wakili) aliingia laivu wiki iliyopita. Akaulizwa mbona filamu zetu stori zinafanana: mwanamke tajiri, mume mlevi, mganga, gari jeupe, kilio, mwisho. Akajibu kirahisi tu kwamba tatizo Tanzania hakuna waandishi. Eti ndio maana wao wanaandika wenyewe, wengine hata hawaandiki, wanafika lokesheni wanaelewana hapo hapo nani aseme nini.

Haya. Mimi nikajua sasa komenti zitamshukia kama mvua ya Aprili. Nikafungua. Unajua nilikuta nini?

"Niunganishe bro, mimi ni mwandishi."
"Kaka nina stori kali nicheki inbox."
"Dada naomba namba."
"Niunganishe."
"Niunganishe."
"Niunganishe."

Nilishuka chini mpaka kidole kikachoka. Hamna hata mmoja aliyeweka kichwa cha stori yake. Hamna aliyesema nimeandika kurasa kadhaa, hizi hapa. Hamna aliyembishia! Mtu kakuambia haupo duniani, wewe unamwomba namba.

Nikagundua nina ugomvi na watu wawili. Nina ugomvi na staa, na nina ugomvi na sisi. Tuanze na staa kwa sababu huyo ni rahisi.

Staa, hebu kaa hapa kidogo

Unasema waandishi hawapo. Sawa. Sasa nchi hii ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, namba 4 ya mwaka 1976. Sheria ya zamani kuliko wewe, na kuliko mimi ndio kabisa. Kwa sheria hiyo, ukitaka kupiga filamu unaomba kibali, na unapeleka mswada. Yaani maandishi. Leo hii Bodi ya Filamu inataka mswada kabla haujawasha kamera.

Kwa hiyo swali langu ni dogo tu: hizo filamu zako zote, mswada uliopelekwa Bodi aliandika nani? Kama yupo aliyeandika, basi waandishi wapo na wewe umemficha. Kama hayupo, basi ulipeleka nini? Chagua moja, yoyote utakayochagua inakuumbua.

Ukweli ambao hausemwi laivu ni kwamba waandishi wapo ila hawalipwi, na wakilipwa hawatajwi. Angalia mabango. Sura kumi za mastaa, jina la prodyuza kubwa kama la benki, jina la aliyewaza kila neno wanalolia nalo halipo hata kwa herufi za sisimizi. Halafu unashangaa kwanini kijana mwenye kipaji cha kuandika anaenda kuandika kapsheni za kuuza mawigi. Mawigi wanalipa Jumamosi.

Na pale ambapo mwandishi alipewa nafasi, kazi inaonekana. "Binti" ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Seko Shamte, ilikuwa na mwandishi anayejulikana kwa jina, Angela Ruhinda, aliyeandika pamoja na Seko. Ikafika Netflix. "Vuta N'Kuvute" ya Amil Shivji, mwaka huo huo, ilitoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ikaandikwa upya kuwa filamu na Amil mwenyewe akishirikiana na Jenna Bass. Ikaenda kuonyeshwa tamasha la Toronto. Hizo kazi mbili hazikuanzia kwenye gari jeupe. Zilianzia kwenye karatasi.

Staa nimemaliza na wewe. Unaweza kwenda.

Sasa sisi

Mdau mmoja kwenye posti yangu ya mwezi uliopita alikomenti hivi, na naona wengi mlimpa dole: kwamba Bongo bila kujuana hutoki, kwamba kama hauko Dar, hauna mjomba kwenye televisheni, kaa tu Arusha uuze shuka za Kimasai kwa wazungu.

Nilimwelewa kwa sababu na mimi niliishi na imani hiyo miaka mitatu. Wacha niwape stori yangu, mnicheke mkitaka.

Mimi nimeishia kidato cha nne, na matokeo yangu tusiyaongelee. Nilianza kuandika kwa sababu jirani yetu kule Sakina alikuwa mpagazi wa mlimani. Alikuwa anarudi na stori mpaka tunasahau kula. Nikatunga stori ya mke wa mpagazi ambaye mume hakurudi, kampuni inamzungusha, yeye anaamua kupanda mlima mwenyewe kutafuta ukweli. Kichwani ilikuwa filamu kamili. Niliilia mwenyewe kitandani.

Kichwani. Kwenye karatasi nilikuwa na kurasa nne za daftari.

Siku moja nikasikia prodyuza mmoja mkubwa (jina kapuni) yuko mjini, kafikia hoteli. Nikapiga pasi shati, nikapanda daladala mpaka mjini, nikakaa mapokezi kuanzia saa nne asubuhi. Saa nane akatoka. Nikamvamia. Jamaa alikuwa mpole kuliko nilivyotegemea, akaagiza hadi soda. Nikamsimulia yote, kuanzia mwanzo mpaka sini ya mwisho ambapo mama anaiona kofia ya mumewe. Akasema kali sana hiyo, nipe namba yako. Nikampa. Nikarudi nyumbani natembea kama nimeshinda bahati nasibu. Nikawaambia wana, jamani nimeshaunganishwa.

Hakupiga. Baada ya mwaka na kitu nikaona kwenye televisheni tamthilia, mke wa mpagazi, kampuni inamzungusha, anapanda mlima mwenyewe. Kofia wameibadilisha ikawa skafu.

Nililia, nikatukana, nikaandika posti ndefu nikaifuta. Halafu nikaenda kwa mshkaji mmoja anayesoma sheria, nikitegemea aniambie twende mahakamani. Akaniuliza maswali matatu tu. Ulikuwa na mswada uliomalizika? Hapana. Ulimtumia kwa barua pepe au njia yoyote yenye tarehe? Hapana. Kuna mtu mwingine alikuwepo? Mhudumu aliyeleta soda.

Akanieleza kitu ambacho nataka mkikariri leo. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi iliyotungwa, yaani namna ulivyoiandika. Wazo tupu hailindi. Wazo la mke wa mpagazi sio langu wala lako. Mswada wa mke wa mpagazi wenye sini zake na maneno yake, huo ungekuwa wangu tangu siku niliyoumaliza, na ningeweza kwenda kuusajili COSOTA nikawa na karatasi mkononi.

Kwa hiyo jamaa kaniibia? Moyo wangu unasema ndio. Karatasi inasema sikuwa na kitu cha kuibiwa. Wote wawili tulifanya makosa, ila la kwake lilimlipa na la kwangu lilinigharimu.

Wauza koneksheni

Baada ya hapo mtu mwenye akili angejifunza. Mimi nikaingia shimo lingine.

Kuna watu siku hizi wanauza koneksheni kama vocha. Unatuma elfu hamsini, unaingizwa kwenye grupu la WhatsApp, unaambiwa humu ndani kuna maprodyuza, madairekta, watu wa televisheni. Nilituma. Ndani nilikuta watu kama mimi, wote tumetuma elfu hamsini, wote tunasubiri prodyuza aongee. Admin anatupia picha kapiga na mastaa, anatuandikia amka mapema, jiamini, ndoto zako ni halali. Mwezi mzima hakuna aliyetufundisha hata sini inaanzaje kwenye ukurasa. Nilipouliza nikaambiwa hilo liko kwenye darasa la juu, elfu themanini.

Nikatoka. Elfu hamsini yangu ilibaki humo, Mungu ailaze mahali pema.

Lakini nilitoka na kitu kimoja. Siku ya mwisho niliandika humo: kuna mtu yoyote ana mswada alioumaliza tubadilishane tusome? Watu wote kimya. Wawili tu wakanifuata inbox, mmoja yuko Ngaramtoni, mwingine binti wa Usa River. Hao wawili ndio koneksheni pekee niliyowahi kuipata kwa hela yangu, na grupu halikuwa na mpango wa kunipa.

Mwandishi wa filamu iliyopigwa chini ya Meru

Sasa nataka niwape stori moja ya kweli, kwa sababu inatuhusu sisi wa huku kuliko wote.

Wazee wengi wa Arusha wanaijua "Hatari!", ile filamu ya John Wayne ya mwaka 1962, wanakamata wanyama porini kwa kuwapelekea mbuga za maonyesho. Dairekta ni Howard Hawks. Ilipigwa huku huku kwetu, Momella ikiwemo, pale chini ya Meru. Mjerumani mmoja aliyeigiza humo, Hardy Krüger, alipapenda mpaka akanunua shamba hapo hapo. Mabasi ya watalii yanapita kila siku, madereva wanataja jina la John Wayne.

Nani anamtaja aliyeandika? Anaitwa Leigh Brackett. Ni mwanamke.

Huyu mama alikuwa anaandika hadithi za kubuni za sayari za mbali, za kwenye majarida ya bei rahisi. Mwaka 1944 akatoa riwaya ya upelelezi. Hawks akaisoma, akapenda watu wa humo wanavyoongea, akaagiza nitafutieni huyu jamaa Brackett. Akaja dada! Akampa kazi hivyo hivyo kwenye "The Big Sleep" iliyotoka 1946. Kuanzia hapo akawa anamwita tena na tena: "Rio Bravo" 1959, "Hatari!" 1962, mpaka "Rio Lobo" 1970. Mwishoni kabisa mwa maisha yake akaandika mswada wa kwanza wa ile Star Wars iliyotoka 1980. Alifariki 1978, kabla haijatoka, lakini jina lake limo.

Sasa niambieni, nani alimuunganisha? Hakukaa mapokezi hotelini. Kitabu kilichoisha ndicho kilichoenda kukaa mapokezi kwa niaba yake. Na ile koneksheni ilidumu zaidi ya miaka 20 kwa sababu kila alipopewa kazi aliimaliza. Ndio maana ya koneksheni: mtu aliyeshawahi kufanya kazi na wewe na anataka kurudia.

Namba ya simu sio koneksheni. Picha ya pamoja sio koneksheni. Kufuatwa na staa Instagram ndio kabisa.

Chuga tulishafanya hii, kwenye muziki

Kama mfano wa mzungu wa zamani haukugusi, njoo nyumbani. Hip hop ya Arusha haikutoka kwa kumwomba mtu wa Dar namba. X Plastaz walianza huku, wakachanganya rap na sauti ya Kimasai, albamu yao ya 2004 ikatolewa Ujerumani. Wakaja Nako 2 Nako, halafu Weusi: Joh Makini, Nikki wa Pili, G Nako, Lord Eyez na wenzao. Walishikana wenyewe kwanza. Mmoja akipanda anavuta wengine. Walipofika Dar walifika kama kundi lenye kazi mkononi, hawakufika kama mtu mmoja mwenye shati la pasi.

Waandishi wa filamu Chuga tuna kundi gani? Hatuna. Kila mmoja kakumbatia daftari lake anaogopa kuibiwa na mwenzake wa Kijenge, halafu akimwona prodyuza anamsimulia yote bure. Yaani unamficha masikini mwenzio ili uibiwe na tajiri. Akili gani hii wanangu?

Mtu unayemhitaji leo sio prodyuza mkubwa. Unamhitaji chalii anayepiga video za harusi na kamera yake iko bure Jumatatu mpaka Alhamisi. Unamhitaji dada wa kwaya anayeigiza vizuri mchezo wa Pasaka kuliko mastaa wote. Unamhitaji yule anayehariri video kwenye kompyuta ya kusuasua pale stesheni ya picha. Hao miaka mitano ijayo ndio watakuwa maprodyuza na madairekta, na watakumbuka nani aliwapa sini nzuri walipokuwa hawana kitu.

Na hujui biashara unayotaka kuingia

Hapa nasema na wewe uliyekomenti "nina stori kali". Wacha nikuulize kama yule mshkaji wa sheria alivyoniuliza.

Umeshawahi kusoma mswada wa filamu, hata mmoja, kuanzia mwanzo mpaka mwisho? Ipo mingi intaneti bure, ya Kiingereza, tafuta ya filamu uliyoiangalia mara tano uone ilivyokuwa kwenye karatasi. Mimi Kiingereza changu cha kuunga unga, nilikaa na kamusi wiki mbili na mswada mmoja. Nilijifunza mengi kuliko grupu la elfu hamsini. Hapo ndipo nilipojua ukurasa mmoja unakadiriwa dakika moja ya filamu. Yaani kurasa zangu nne za daftari zilikuwa hata tangazo refu hazitoshi.

Unajua nani ananunua? Tamthilia za kila siku za ving'amuzi, kama zile za Maisha Magic Bongo au Sinema Zetu ya Azam, zinataka stori inayoweza kwenda vipindi na vipindi bila kuisha. Ukiwapelekea filamu ya saa moja na nusu hata wakiipenda hawana pa kuiweka. Prodyuza wa YouTube anataka sini mbili, nyumba moja, watu wanne, kwa sababu hela yake inaishia hapo. Ukimpelekea stori yenye helikopta umemwambia hujawahi kumfikiria.

Unajua kuandika stori yako kwa sentensi moja? Kwa ukurasa mmoja? Prodyuza hasomi kurasa tisini za mtu asiyemjua. Anasoma sentensi, ikimshika anasoma ukurasa, ukimshika ndio anaomba mswada.

Unajua mkataba unasemaje kuhusu jina lako kutokea mwanzoni mwa filamu? Unajua ukilipwa kidogo kidogo unaandika kwamba awamu ya kwanza ni kabla ya kazi kuanza? Nenda kawasikilize walioumia. Mwandishi aliyeumia anaongea vizuri sana, mnunulie chai tu.

Na wasikilize watazamaji. Kaa kibanda umiza Unga Limited Jumapili jioni, usiangalie filamu, angalia watu. Utaona wanacheka wapi na wanatoka nje kuvuta sigara wapi. DJ Afro wa Kenya kajenga jina zima kwa kujua kitu hicho kimoja, watu wanataka kusikia nini kwenye sini gani. Hilo darasa ni shilingi mia tano.

Dar ni mbali, Nairobi je?

Nakubali, kazi nyingi za tamthilia ziko Dar. Nikisema haijalishi unaishi wapi nitakuwa mwongo kama wale wauza vocha. Ila angalieni ramani jamani. Arusha mpaka Dar ni kama kilomita 650. Arusha mpaka Nairobi kupitia Namanga ni kama 270. Ukitoka asubuhi na pasipoti au hati ya dharura ya safari, mchana unakula Nairobi. Kule kuna Riverwood, filamu za bei ndogo zilizopata jina kutoka River Road. Kule mwaka 2018 MultiChoice walifungua darasa lao la filamu kwa vijana wa Kenya, Uganda, Ethiopia na Tanzania, bila ada. Kampala kuna Maisha Film Lab aliyoianzisha Mira Nair mwaka 2004, imefundisha waandishi wa Afrika Mashariki. Zanzibar kuna ZIFF tangu 1997, tamasha zima, watu wa filamu wanapita Ngome Kongwe kwa miguu kama mimi na wewe.

Vyote hivyo vina kitu kimoja wanachokuomba kabla hawajakuuliza mjomba wako ni nani: tuma ulichoandika.

Na hapa hapa mjini tumekalia stori tunalalamika hatuna koneksheni. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko hapa. Mahakama ya mauaji ya Rwanda ilikaa hapa mpaka 2015, na mwaka 2008 ilimhukumu mwanamuziki mzima, Simon Bikindi, miaka 15. Mwanamuziki, kwa maneno yake ya uchochezi! Nani wa Chuga kaandika filamu ya mkalimani aliyekuwa anatafsiri ushahidi ule mchana, jioni anarudi kula nyama choma kama kawaida? Mafundi na madereva wetu wanazunguka na wapiga picha wa wanyama kutoka dunia nzima. Nani kaomba kubeba hata miguu ya kamera wiki moja aone kazi inavyokwenda?

Kitu kimoja ambacho sitaki kukipita

Yule binti wa Usa River niliyewaambia aliwahi kuitwa na mtu wa filamu "wajadili mswada" usiku, hotelini, aje peke yake. Aliponiambia nikamuuliza utafanyaje. Akasema bro, wote wananiambia ndio bei ya koneksheni.

Hapana. Hiyo sio bei. Hiyo ni rushwa ya ngono, na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinaitaja kama kosa. TAKUKURU namba yao ni 113, ni bure. Hakwenda, na mswada ule alikataa kuutuma. Sitawadanganya kwamba baadaye alipata kazi kubwa kuliko ile. Hajapata bado. Lakini mswada ni wake, na anaandika wa pili.

Nyie wanaume mnaosema madada wanatoka kirahisi kwenye filamu, mkae na hilo kidogo kabla hamjakomenti.

Namalizia hivi

Mimi, chalii wa Ngaramtoni na binti wa Usa River tunakutana kila Jumamosi ya pili mjini. Kila mtu anakuja na kurasa kumi. Tunasomeana kwa sauti, tunachanana bila huruma, tunarudi kuandika. Hatujauza kitu. Ila mwezi uliopita mpiga video za harusi alisoma kurasa zetu akasema hii sini naweza kuipiga Jumanne. Akaipiga. Dakika sita, waigizaji wawili, jikoni kwa shangazi yangu. Tuliangalia kwenye simu tumebanana kwenye kochi, na shangazi akanuna kweli kweli kwa yule mume wa kwenye sini mpaka akamnyima muigizaji chai. Hapo nikajua tuna kitu.

Stori ya mke wa mpagazi nimeiandika upya. Kurasa 94, imeisha, ina tarehe. Wao wana skafu yao, mimi nina mlima wangu.

Kwa hiyo leo hapo chini kwenye komenti sitaki kuona neno "niunganishe". Nitalifuta, na nitakufuta na wewe. Nataka uandike jina la stori yako, sentensi moja inahusu nini, na umeandika kurasa ngapi mpaka leo. Kama ni sifuri andika sifuri, hamna atakayekucheka, mimi nilianza na nne za daftari. Mwenye kumi anifuate inbox, nitamwambia Jumamosi tunakaa wapi. Chai unajilipia.

Na wewe staa, najua unasoma blogu hii maana ulishanitishia mara moja. Ukihitaji mwandishi, sasa unajua tulipo. Malipo ya awamu ya kwanza ni kabla ya kazi kuanza.